Tusizisingizie Zama

Mwanafunzi wa fasihi anayeuliza kwa nini Myahudi katika vitabu vikubwa vya Kirusi vya karne ya 19 karibu kila mara ni mla riba, jasusi, mwoga au kichekesho, hupewa jibu lilelile. Huambiwa kwamba waandishi wale walikuwa watoto wa zama zao, kwamba enzi hizo kila mtu aliwaza hivyo, kwamba si haki kuwahukumu marehemu kwa mizani ya leo, na kwamba hata tukikubali kosa lipo, ni doa dogo kwenye kanzu nyeupe. Jibu hili limeota mizizi katika dibaji za vitabu, katika mihadhara na katika mazungumzo ya wapenzi wa fasihi. Lina sauti ya busara na uungwana, ndiyo maana wachache hulipinga. Mimi nalipinga. Halina ukweli wa kihistoria, halina ukweli wa kisanaa, na linawadhulumu Warusi wenyewe, kwa kuwa linafuta majina ya wale waliokataa kuwaza hivyo.

Tuanze na hizo zama zenyewe. Dola ya Urusi ilipata raia wake wengi wa Kiyahudi kwa kuimega Poland mwaka 1772, 1793 na 1795. Kuanzia 1791 ikawawekea mpaka: Myahudi aliruhusiwa kuishi katika majimbo fulani ya magharibi na kusini tu, isipokuwa wachache wenye ruhusa maalumu, na mpaka huo haukufutwa hadi 1917. Sensa ya 1897 ilihesabu Wayahudi zaidi ya milioni tano katika dola hiyo, na walio wengi mno waliishi ndani ya mpaka huo. Mwaka 1881 na 1882 makundi ya watu yalivamia mitaa yao, yakapora, yakapiga na kuua. Serikali, badala ya kuwalinda, ikatoa sheria za Mei 1882 zilizowabana zaidi. Hakuna anayekana kwamba chuki ilikuwa kubwa, tena ikibarikiwa na dola. Ninachokikana ni kwamba hapakuwa na sauti nyingine.

Mwaka 1830 Pushkin aliandika tamthilia fupi ya Mwungwana Bahili, ambamo mkopeshaji wa Kiyahudi anamdokezea kijana mwenye madeni kwamba ipo sumu ya kumwondolea baba yake. Mwaka huohuo Lermontov, kijana ambaye hata miaka 17 hakuwa ameitimiza, aliandika tamthilia ya Wahispania, yenye Wayahudi wanaoandamwa na mahakama ya Kanisa, na shujaa wake akaja kugundulika kuwa mwana wa Kiyahudi. Dola ni moja, lugha ni moja, mwaka ni mmoja. Kama zama ndizo zilizoshika kalamu, ziliandikaje tamthilia mbili zinazopingana namna hiyo?

Sauti hiyo nyingine haikunyamaza baada ya hapo. Mwaka 1858, jarida moja lilipowatukana waandishi wawili wa Kiyahudi, waandishi na wasomi wengi wa Urusi walitia saini barua za kulilaani. Mwaka 1882, majeraha ya mashambulio yakiwa bado mabichi, Saltykov-Shchedrin, bingwa wa tashtiti, alichapisha makala ya kuwatetea Wayahudi. Mwaka 1883 Leskov, ambaye naye aliwahi kuandika hadithi za kuwacheka, aliandika kijitabu cha kutetea haki zao, kikapigwa chapa nakala 50 tu kwa ajili ya tume ya serikali. Mwaka 1890 mwanafalsafa Vladimir Solovyov aliandika barua na kukusanya saini za waandishi wenzake, Tolstoy na Korolenko wakiwemo, dhidi ya uchochezi wa magazeti. Wakaguzi wa serikali waliizuia barua hiyo isichapishwe, ikabidi itokee London. Serikali haihangaiki kuzuia jambo ambalo hakuna anayelisema.

Watetezi wakibanwa hapo huhamia kwenye hoja ya pili: ujinga usio na kosa. Wanasema Wayahudi walifungiwa mbali, Mrusi wa Moscow au Petersburg hakuwajua, basi aliandika alichosikia. Hoja hii ingekuwa na uzito kama sanaa ingekuwa inamwingia mtu kwa ujirani. Shakespeare aliandika mwishoni mwa karne ya 16 katika Uingereza iliyokuwa imewafukuza Wayahudi tangu 1290. Hata hivyo Shylock, ambaye wasomaji wa Kiswahili tunamjua kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, anasimama katikati ya mchezo na kudai ubinadamu wake mbele ya wanaomdharau. Amechorwa kwa chuki nyingi, lakini amepewa nafasi ya kujibu. Myahudi wa Pushkin, wa Gogol na wa Turgenev hakuipata nafasi hiyo.

Na Dostoevsky hawezi kabisa kujificha nyuma ya ujinga, kwa sababu yeye alilala chumba kimoja na Myahudi. Alifungwa Omsk, Siberia, kuanzia 1850 hadi 1854, na kutokana na miaka hiyo akatoa Kumbukumbu za Nyumba ya Wafu, kitabu ambacho kila mtu huona humo jicho lisilopitwa na kitu. Yumo Isai Fomich, sonara wa Kiyahudi, mkopeshaji wa wafungwa, aliyefananishwa na kifaranga kilichonyonyolewa. Kila Ijumaa jioni anasali, na msimulizi anatuonyesha sala hiyo: amefunga mikanda mikono yote miwili, na kikasha kipajini kama pembe ya kuchekesha. Sasa, vikasha hivyo vyenye aya za Torati vina kanuni zake. Kimoja hufungwa kwenye mkono mmoja tu, kingine kwenye paji la uso, katika sala ya asubuhi ya siku za kazi. Sabato haviguswi, na Sabato huingia Ijumaa jua likizama. Mtaalamu wa kutazama nyoyo za watu aliishi na mtu huyu kwa miaka, akamsikia akisali wiki baada ya wiki, kisha akatuandikia sala ambayo Myahudi mcha Mungu hasali hivyo. Alitaka pembe, akaiweka.

Usiniambie alikuwa mgumu wa kuelewa dini za wengine. Katika kitabu hichohicho, katika jela hiyohiyo, yumo Alei, kijana Mwislamu kutoka Dagestani. Dostoevsky anamwandika kwa upendo usiosahaulika. Msimulizi anamfundisha kusoma Kirusi kwa kutumia Agano Jipya, na kijana anasimama kwenye maneno ya kusamehe na kupenda. Kaka zake wanasema kwa heshima kwamba Isa alikuwa nabii wa Mungu, kwamba alifinyanga ndege kwa udongo, akampulizia, ndege akaruka. Msomaji yeyote aliyepitia Kurani anaitambua habari hiyo. Dostoevsky aliisikiliza imani ya mgeni, akaielewa, akaiandika sawasawa, bila kicheko. Kwa hiyo uwezo alikuwa nao. Kwa Alei aliutumia, kwa Isai Fomich aliuzuia.

Yapo mengine yanayothibitisha hilo. Mapema mwaka 1877 Arkady Kovner, mwandishi wa Kiyahudi aliyekuwa gerezani Moscow, alimwandikia Dostoevsky akimuuliza waziwazi kwa nini anawachukia watu wake. Dostoevsky akajibu hadharani katika toleo la Machi la Shajara ya Mwandishi: akadai hana chuki, kisha akajaza kurasa kwa tuhuma kwamba Wayahudi ni dola ndani ya dola na wanyonyaji wa mkulima wa Kirusi. Lakini toleo hilohilo lina kisa cha daktari mzee wa Minsk, Mjerumani, aliyewatibu maskini wa dini zote. Dostoevsky anamwaza katika kibanda cha Wayahudi mafukara, mama amejifungua, hapana hata kitambaa cha kumfunga mtoto, na daktari anavua shati lake na kulichana vipande. Anakitazama kibanda hicho kama mchoraji na kukionea huruma. Hilo halikumzuia kuandika kurasa za tuhuma zilizotangulia. Mtu asiyejua tunamsamehe kwa kuwa hajui. Huyu alijua.

Hoja ya tatu ni ya kicheko. Husemwa kwamba Gogol alimcheka kila mtu: makabaila, makarani, Wapoland, Wakosaki, basi Myahudi naye alipata fungu lake. Tufungue Taras Bulba, ya mwaka 1835, iliyopanuliwa 1842. Wakosaki wanakasirishwa na habari kutoka Ukraine, wanawakamata Wayahudi waliokuwa karibu na kuwatupa mto Dnieper, na tunaambiwa jinsi miguu iliyovaa viatu na soksi ilivyokuwa ikipigapiga hewani huku wauaji wakicheka. Watu wanazamishwa, na mwandishi anatualika tutazame soksi. Mmoja, Yankel, anaokoka kwa sababu anamkumbusha Taras kwamba alimjua marehemu ndugu yake, tena alitoa sarafu 800 kumkomboa kutoka mikononi mwa Waturuki. Hebu pima jambo hilo. Mtu huyu ametoa mali yake kumkomboa Mkosaki utumwani, na baadaye atahatarisha maisha kumpenyeza Taras hadi Warsaw. Ukiyatazama matendo yake, ni mmoja wa watu wenye manufaa kuliko wote katika kitabu. Lakini Gogol hasimami hapo hata sentensi moja. Anakimbilia uroho wake na hofu yake, kwa sababu kichekesho kilikwisha kuamuliwa kabla mtu hajafika.

Ndiyo, Plyushkin wa Gogol ni bahili wa kutisha, naye ni Mrusi. Tofauti ni kwamba pembeni ya Plyushkin fasihi ya Kirusi imejaa Warusi wakarimu, wajinga, watakatifu, walevi na mashujaa, hivyo msomaji hawezi kudhani kwamba Urusi nzima ni Plyushkin. Yankel karibu hana wenzake wa kumsawazisha. Kicheko kinachomlenga mtu mmoja kati ya wengi ni tashtiti. Kikilenga watu ambao karibu hawana sura nyingine katika fasihi nzima, kimekuwa hukumu ya kabila.

Sasa niguse jambo ninaloliona zito kuliko yote. Walewale wanaotuambia kwamba mwandishi hawezi kuruka zama zake, humsifu Turgenev kwa kuziruka. Mwaka 1847, katika jarida la Sovremennik, Turgenev alianza kuchapisha visa vya mwindaji, na cha kwanza kilikuwa cha wakulima wawili, Khor na Kalinych. Wakati huo mkulima wa Urusi alikuwa mali ya bwana: aliuzwa, alirehaniwa, alichapwa, ukombozi ulikuja 1861. Zama zilisema mkulima ni kitu, Turgenev akasema ni mtu, mwenye akili, mzaha na heshima yake. Tunamvulia kofia kwa hilo, na tuna haki. Lakini mwaka huohuo, katika jarida hilohilo, alichapisha hadithi aliyoiita Myahudi. Girshel, anayemtumia binti yake Sara kama chambo kwa ofisa wa jeshi, anakamatwa kwa ujasusi na kupelekwa kunyongwa. Anatapatapa, analia, anaomba, na msimulizi anasema kwamba pamoja na vitisho vyote vya hali yake, mtu yule kwa kweli alichekesha. Mwandishi yule aliyemwona mtu ndani ya mtumwa hakumwona mtu ndani ya mnyongwa.

Hatuwezi kula huku na huku. Kama zama hazirukiki, basi tumpokonye Turgenev sifa ya Khor na Kalinych, maana nayo lazima iwe kazi ya zama. Kama zinarukika, na vitabu vyake vinathibitisha kwamba zinarukika, basi alipochagua kutoziruka alichagua yeye. Ukuu wa waandishi wa Kirusi tunaupima kwa kuona kwao ambacho jamii yao ilikataa kuona: mkulima, karani fukara, kahaba, mfungwa. Mizani hiyo waliitengeneza wao, na kwa mizani hiyohiyo hapa walipungua.

Ndipo huja hoja ya mwisho, ya lile doa kwenye kanzu: chuki ipo, lakini sanaa yenyewe haikuguswa. Iliguswa. Katika Ndugu Karamazov, msichana Liza anamuuliza Alyosha kama ni kweli kwamba Wayahudi huiba watoto wakati wa Pasaka na kuwachinja. Alyosha ndiye moyo safi wa riwaya, mtu ambaye husoma dhamiri za wengine kabla hawajasema. Anajibu kwamba hajui. Hakuna mtu anayemsahihisha, wala yeye harudi kwenye jambo hilo. Sura hiyo ilitoka 1880. Mwaka mmoja kabla, Machi 1879, mahakama ya Kutaisi katika Georgia iliwaachia huru Wayahudi walioshtakiwa kwa uzushi wa aina hiyohiyo, na barua ya Dostoevsky ya mwezi huohuo inaonyesha alivyochukizwa na hukumu hiyo. Basi jibu la Alyosha halikutoka kwa Alyosha. Mwandishi alimziba mdomo mhusika wake mwenyewe, akamfanya asijue pale ambapo roho yote aliyompa ingemfanya apige kelele. Hilo ni pengo katika ujenzi wa mhusika, mahali ambapo riwaya kuu inajisaliti.

Na "sijui" hizo zina gharama. Mwaka 1911 Menahem Mendel Beilis, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali Kyiv, alikamatwa kwa uzushi huohuo wa damu ya watoto, akakaa korokoroni zaidi ya miaka miwili, hadi baraza la wazee wa mahakama lilipomwachia mwaka 1913. Aliyeandika tamko la waandishi dhidi ya uzushi huo alikuwa Vladimir Korolenko, na miongoni mwa waliotia saini walikuwemo Gorky na Blok. Korolenko huyohuyo alikwenda Kishinev mwaka 1903 baada ya mauaji ya Wayahudi 49, akaandika Nyumba Nambari 13. Hakuandika juu ya "Wayahudi" kwa jumla. Alichukua nyumba moja, ua mmoja, akatuonyesha watu walivyokimbilia darini, wakatoboa paa kwa mikono yao, wakafukuzwa juu ya vigae na kutupwa chini mchana kweupe. Wakaguzi walikizuia. Anayesema kwamba kila Mrusi wa enzi hizo aliwaza hivyo, anamtukana Korolenko.

Lakini shahidi wangu mkuu ni Chekhov, kwa kuwa yeye aliyafanya yote mawili. Mwaka 1886, katika hadithi ya Tope, alituletea Susanna, Myahudi mrembo anayewatega wanaume na kuwapora hati za madeni; ni sanamu ileile ya zamani iliyopakwa manukato. Mwaka 1894 alitoa Fidla ya Rothschild. Yakov ni Mrusi, fundi wa majeneza katika mji mdogo, anayekasirika kwa kuwa watu hawafi vya kutosha. Kila siku anapiga hesabu ya hasara zake. Mkewe Marfa anapougua, anampima akiwa hai, anamtengenezea jeneza, kisha anaandika daftarini: rubo 2 na kopeki 40. Tazama alichokifanya Chekhov. Daftari, hesabu na uchungu wa senti, vitu ambavyo fasihi nzima ilikuwa imemtwisha Myahudi, amevikabidhi kwa Mrusi. Na jina la wenye benki matajiri wa Ulaya amempa mpiga filimbi wa Kiyahudi aliyekonda, fukara, anayefukuzwa na watoto na mbwa barabarani. Yakov anamchukia bila sababu yoyote. Mwishoni, akikaribia kufa, anakaa mlangoni na kupiga fidla. Rothschild, aliyekuja akitetemeka, anasikiliza na kulia. Na Yakov anamwachia fidla hiyo kama wasia. Chekhov hakumfanya Myahudi wake malaika. Alimpa sikio la kusikia na machozi yake mwenyewe, ikatosha kuibomoa sanamu ya karne nzima kwa kurasa chache. Miaka minne baadaye, 1898, alisimama upande wa Zola, mwandishi Mfaransa aliyemtetea Dreyfus, ofisa wa Kiyahudi aliyehukumiwa bila hatia, akatofautiana vikali na rafiki na mchapishaji wake Suvorin. Mtu alibadilika, sanaa yake ikapanda, na zama zilikuwa zilezile.

Mstari huo haukukatika. Vasily Grossman, ambaye mama yake aliuawa na Wanazi Berdichev mwaka 1941, aliandika Maisha na Majaliwa. Polisi wa siri waliinyang'anya hati hiyo mwaka 1961, na wasomaji wa Urusi hawakuipata hadi 1988. Ndani yake daktari wa macho Anna Semyonovna anamwandikia mwanawe barua ya mwisho kutoka geto. Katika vitu vichache alivyobeba alipoamriwa kuhama, anavitaja vitabu: kimo cha Pushkin, kimo cha Chekhov. Mama huyu wa Kiyahudi alikipenda Kirusi kuliko fasihi yake ilivyompenda yeye. Deni hilo halifutwi kwa kusema kwamba zama ndizo zilizokosea.

Je, nataka vitabu hivi vichomwe? Sitaki hata ukurasa mmoja uondolewe. Chinua Achebe alipomkabili Conrad kwa jinsi alivyowachora Waafrika, katika mhadhara wake wa Amherst mwaka 1975, aliambiwa maneno haya haya, kwamba Conrad alikuwa mtoto wa zama zake, na sisi Waafrika tulielewa mara moja udhaifu wa jibu hilo kwa kuwa sura iliyoumbuliwa ilikuwa yetu. Uelewa huo hauna maana kama unaishia kwenye ngozi yetu. Anayelikataa jibu hilo kwa Conrad na kulipokea kwa Gogol ametetea ndugu zake tu, hajatetea haki.

Kwa hiyo walimu wa fasihi wasimfundishe Gogol peke yake. Anayesomesha Taras Bulba asomeshe na Fidla ya Rothschild, awaulize wanafunzi ni mwandishi yupi aliyemwona mtu. Anayesomesha Nyumba ya Wafu amweke Alei kando ya Isai Fomich na kuuliza kwa nini jicho moja lilifunguka kwa huyu na kufumbwa kwa yule. Waandika dibaji nao waache kuwaombea radhi marehemu kwa sababu ambazo marehemu wenyewe, katika kurasa zao bora, walizikataa. Pushkin, Gogol, Turgenev na Dostoevsky walikuwa watu huru wa kiwango cha juu, wenye vipaji vilivyoitikisa dunia. Tukisema hawakuweza kuona, tumewapunguzia ukubwa huo. Waliweza, na hapa hawakutaka. Hilo ndilo kosa lao, na linapaswa kuandikwa kwa majina yao.